Kiraka Kilichoonekana Saa Saba

Kule makao makuu hakuwa na sura. Sura alikuwa nayo, tena ya kutosha, lakini kwa miaka tisa kituo kikubwa cha televisheni kilimtumia mikono tu. Yeye aliandika, wengine wakasoma. Aliandika "mpenzi mtazamaji" mpaka vidole vikaota sugu, na jioni mtu mwenye koti jipya akayasema maneno hayo kama yamemtoka moyoni. Siku tangazo lilipobandikwa ukutani kwamba kituo kidogo cha mkoa wa mbali kinatafuta ripota, wenzake walilipita bila kugeuza shingo. Yeye alisimama akalisoma mara mbili.

Walimcheka wakashiba. "Huko utatangaza habari za mbuzi waliopotea," mmoja alimwambia.

"Mbuzi naye ana mwenyewe," akajibu, akaenda kuandika barua ya maombi.

Masharti yalikuwa mafupi na makali. Miezi mitatu ya majaribio. Ukifaulu unapewa barua ya kuthibitishwa kazini; usipofaulu unarudi ulikotoka, na ulikotoka kiti chako kimeshapata makalio mengine. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu na binti wa miaka saba. Baba wa mtoto alikuwa ameshaondoka zamani, bila kuaga. Kumhamisha mtoto shule kwa kazi ya majaribio ni wazimu, kila mtu alimwambia hivyo, kwa hiyo akamwacha kwa dada yake mkubwa. Akifaulu, angerudi kumchukua. Alimwahidi mtoto hivyo akiwa amepiga magoti, amemshika mabega.

"Miezi mitatu ni kulala mara ngapi?" mtoto akauliza.

"Mara tisini."

Mtoto alitazama sanduku. Dada akamsindikiza mdogo wake mpaka nje na kumwambia taratibu, "Nenda mdogo wangu, nitamtunza kama wangu. Ila usikawie. Mtoto hukaa anakolelewa."

Kituo kipya kilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ngazi zilinuka rangi na misumari. Studio ilikuwa chumba kimoja chenye mablanketi yaliyopigiliwa madirishani ili kelele za barabarani zisiingie, na kwa kuwa feni nayo ilikuwa na kelele, ilizimwa kila msomaji alipoanza kusoma. Habari zote za mkoa ule zilisomwa na mtu anayetokwa jasho. Mkuu wa kituo walimwita Dakika Mbili, kwa sababu umletee harusi, umletee mafuriko, alitaka dakika mbili, si zaidi. Mpiga picha alikuwa mzee mmoja mwenye mgongo mbovu waliyemwita Mzee Jicho. Mgeni mwenyewe haikuchukua wiki kabla hajapewa jina. Kila akionyeshwa jambo alisema, "Kule makao makuu tulifanya hivi." Basi wakamwita Makao Makuu, na jina likamganda.

Chumba alikipata kwa fundi cherehani, mama wa makamo mwenye nyumba ya vyumba vitatu. Chumba chake kilikuwa cha pembeni, kimetenganishwa na cha wenye nyumba kwa ukuta wa mbao nyembamba. Ukipiga chafya upande huu unaombewa afya upande ule. Fundi alishona barazani kutwa nzima. Mumewe alifanya kazi kwenye machimbo ya mawe. Machimbo yalikuwa matano kuuzunguka mji ule, na mgeni hakuwahi kuuliza mzee ni wa machimbo gani.

Walikuwa watu wa utani, wale wawili. Watoto wao walikuwa wakubwa, wametawanyika na maisha yao. Mzee alikuwa akivaa suruali za viraka, na majirani walimdhihaki kwamba kinyozi hajinyoi. "Mke wangu akikosa wateja ananishona mimi," aliwajibu, "siku moja nitaamka nimekuwa pazia." Alimtengenezea mpangaji wake komeo la mlango bila kuombwa. Jioni alipomkuta barazani alimsalimu kwa swali lilelile: "Haya, mwandishi, leo umetuletea nini? Za bei kupanda usituletee, hizo tunazo."

Fundi alimwita mwanangu tangu wiki ya kwanza. Mpangaji naye alimwita mama, kwanza kwa adabu, baadaye kwa kumaanisha. Ni kwake alikokwenda kulia mwezi wa pili, siku alipompigia simu binti yake, na mtoto akamgeukia mtu aliyekuwa naye chumbani, akasema, "Mama, nipishe kidogo niongee na simu." Mama huyo alikuwa dada. Mtoto hakugundua alichosema, wala dada hakumrekebisha. Fundi alimsikiliza mpangaji wake mpaka akamaliza, akamwambia, "Futa machozi. Pata barua yako, umlete. Chumba hiki kinatosha watu wawili wenye mapenzi." Tangu siku ile hata mzee alijua kwamba barua ile ni kila kitu.

Na barua ilikuwa inakwenda mrama. Tatizo, kwa maoni yake, lilikuwa Mzee Jicho.

Mzee yule alikuwa na utaratibu wake. Wakifika kwenye ajali, kamera ilibaki garini. Yeye alishuka mikono mitupu, akatembea taratibu na mgongo wake, akaenda kuuliza watu waliosimama: huyu ni wa nani? Nyumba gani? Mkewe yuko wapi, ameshaambiwa? Akijibiwa bado, alimtuma mtu aende, tena alisubiri mpaka mtu huyo aondoke. Ndipo alipofungua kamera. "Kwanza mwenyewe, halafu picha," alisema. "Hapa si kule kwenu, mwanangu. Hapa maiti haikosi jirani."

Makao Makuu aliuma meno. Wakati mzee anauliza habari za ukoo, wapinzani wao wa kituo cha pili walikuwa wameshapiga picha na kuondoka. Mara mbili alishindwa namna hiyo, moto wa sokoni na lori lililopinduka. Dakika Mbili alimwita ofisini. "Zimebaki wiki tatu," alimwambia, "na sijaona kazi yako hata moja ya kunifanya nishike kalamu."

Wiki ile ile Mzee Jicho aliomba ruhusa kwenda zahanati. Mgongo ulikuwa umemkataa kabisa. Saa nne na nusu asubuhi simu ikaingia kituoni: ukuta wa mawe umeporomoka kwenye machimbo ya ng'ambo ya mto, kuna watu chini.

Alichukua kamera ndogo, akamshika mkono dereva, wakaenda. Mungu amsamehe, njiani alifurahi. Hakufurahia msiba, hapana. Alifurahia kwamba leo hakuna wa kumchelewesha.

Walifika vumbi halijatua. Watu watatu walikuwa wameshatolewa na kulazwa chini kwa mstari, wakafunikwa maturubai ya kukaushia kokoto. Maturubai yalikuwa mafupi. Yalifunika kuanzia kichwani mpaka juu ya magoti, na chini yake miguu ilitokeza, myeupe karibu yote kwa vumbi kama imepakwa unga. Wachimbaji walikuwa wanakimbia huku na huku, msimamizi anapiga simu inakatika. Makao Makuu alifunga kamera kwenye miguu yake mitatu akaanza kazi. Alijua sheria za kazi yake na alizifuata zote: usionyeshe uso wa marehemu, usitaje jina mpaka ndugu wajulishwe, picha moja isipungue sekunde sita ili mtazamaji aione vizuri. Alipiga ukuta uliobomoka. Alipiga sururu iliyovunjika mpini. Alipiga ile miguu, mmoja mmoja. Wa kushoto alikuwa na suruali yenye kiraka kwenye goti, kitambaa cha bluu chenye mistari ya manjano. Akampa sekunde sita.

Mchimbaji mmoja alisimama karibu naye, kofia mkononi. "Dada, hawa watu wana watu wao," alisema.

"Najua, kaka yangu. Ndiyo maana sionyeshi nyuso."

Mchimbaji alifungua mdomo, akaitwa kwenda kusaidia kuinua jiwe, akaenda. Ni maneno mangapi yalikuwa mdomoni mwa mtu yule hatutajua. Makao Makuu hakumngoja; alisimama mbele ya kamera na maikrofoni, akasema maneno yake. Kituo cha pili kilikuwa bado hakijafika, na taarifa ya habari ilikuwa saa saba kamili.

Wakiwa njiani kurudi alimpigia simu mwenye nyumba. Ahadi ilikuwa ya siku nyingi: siku atakayotokea mwenyewe kwenye kioo, amesimama na maikrofoni, atamwambia. "Mama, saa saba washa TV. Leo natokea mimi mwenyewe."

"Alhamdulillahi! Habari gani hiyo, mwanangu?"

"Utaona mwenyewe, mama."

Hakuuliza mzee wa nyumba yuko wapi. Tusimtafutie sababu. Hakuogopa kuuliza, wala hakusahau kuuliza. Mzee hakumpitia akilini hata kidogo. Akili yake yote ilikuwa kwenye saa, na nyuma ya saa kulikuwa na barua, na nyuma ya barua kulikuwa na mtoto anayemwita mtu mwingine mama.

Yaliyotokea barazani alikuja kusimuliwa na majirani, na walimsimulia bila kumpunguzia. Fundi aliigeuza televisheni dirishani itazame nje. Aliwaita majirani wanane, akawatolea viti na mkeka. Sura ya mpangaji wake ilipotokea alipiga makofi. "Huyo! Huyo wangu!" alisema, na mtu mmoja akamwambia nyamaza tusikie. Wakasikia machimbo ya ng'ambo ya mto. Fundi akaacha kupiga makofi, lakini alibaki ameketi. Machimbo yale yana watu mia, alijiambia, na sauti pale dirishani ilisema majina yamehifadhiwa. Kisha ikaja miguu.

Sekunde sita ni nyingi sana. Fundi aliinuka, akaenda mpaka dirishani, akaweka kidole juu ya kioo. "Mshono huu ni wangu," alisema.

Walimwambia vitambaa vinafanana. Akasema kitambaa kinaweza kufanana, mkono haufanani. Kiraka kile alikishona kwa uzi wa mistari miwili kwa kuwa mzee hupiga goti moja akipasua jiwe, na nusu ya kitambaa chenyewe bado inaning'inia jikoni. Wakati anasema hayo picha ilikuwa imeshabadilika, na msomaji wa studio, anayetokwa jasho, alikuwa ameanza habari za barabara.

Kituoni alipigiwa makofi. Dakika Mbili aliinua simu mbele ya kila mtu na kuwaambia makao makuu kwamba ndiyo, picha ni za kwetu peke yetu, na ndiyo, mnaweza kuzitumia nchi nzima. Bado makofi hayajaisha Mzee Jicho akaingia, amejishika kiuno, cheti cha zahanati mkononi. Alikuwa ameona taarifa kwenye chumba cha kungojea, pamoja na wagonjwa.

"Ulimuuliza mtu?" alisema.

"Sikuonyesha nyuso, mzee. Wala majina."

"Nimekuuliza, ulimuuliza mtu?"

Makao Makuu aliiweka kamera mezani.

"Yule wa kushoto ni mume wa fundi wako," Mzee Jicho alisema. "Nimesoma naye, na viraka vyake navijua."

Makao Makuu alikwenda nyumbani kwa miguu, kwa kuwa hata kuomba gari hakukumbuka. Baraza lilikuwa limejaa wanawake. Aliona viti vile vimepangwa bado kuelekea dirishani. Alipita katikati yao na hakuna aliyemsalimu, na alipofika mbele ya mwenye nyumba akapiga magoti. Fundi alimtazama kwa macho makavu.

"Umefika, mwanangu," alisema. "Umekula?"

Afadhali angempiga. Mwenyewe alisema hivyo baadaye, na ni kweli, kofi lingemfaa zaidi. Msimamizi wa machimbo alikuja saa kumi jioni, amevaa shati safi, kuleta taarifa rasmi kwa familia, akakuta familia imeshalia mpaka sauti imekauka.

Walizika kesho yake. Siku zilizofuata Makao Makuu alichota maji, aliosha vyombo, alipokea wageni, akalala chini na wanawake wengine. Fundi alimwacha afanye. Hakumsema kwa watu, hata mara moja, na majirani waliponong'ona aliwaambia nyamazeni.

Siku ya tano Dakika Mbili alimwita. Alifunga mlango kwanza.

"Makao makuu wanamtaka mjane," alisema. "Watu wanauliza, nchi nzima imeona picha zile. Kituo cha pili wamefukuzwa langoni mara mbili. Wewe unaishi naye ukuta kwa ukuta."

"Siwezi, bosi. Mume wake nimemuua mara ya pili."

"Sikulazimishi." Alifungua droo, akatoa karatasi, akaiweka mezani. Ilikuwa na jina lake na mhuri. Chini, mahali pa saini, palikuwa peupe. "Mimi nasema tu kwamba wiki mbili si nyingi."

Ukweli ni kwamba alikwenda nyumbani akiwa ameshaamua kutosema neno. Lakini fundi hakuwa mtoto. Alimwona anavyokaa upande upande kwenye kiti, akamwambia, "Sema ulichotumwa."

Akasema. Alisema yote, na barua akaitaja, na alipomaliza aliomba msamaha kwa kuwa hata kusema kulikuwa ni kosa.

Fundi alinyoosha khanga yake magotini. "Nikisema mbele ya kamera, mtoto ataletwa?"

"Mama, usifanye kwa ajili yangu."

"Nimekuuliza."

"Ataletwa."

"Basi mlete huyo mzee na kamera yake. Mume wangu alikuwa anamngoja mtoto huyo. Alishaanza kutafuta mbao za kitanda."

Mzee Jicho alikuja kesho yake. Alimsalimu mjane, akakaa naye nusu saa bila kufungua begi, wakamzungumzia marehemu, utundu wake wa shuleni, mpaka fundi akacheka kidogo. Ndipo akauliza, "Nifungue, shemeji?" Akaambiwa afungue.

Fundi alizungumza kwa dakika kumi na moja. Alisema mumewe alifanya kazi pale miaka ishirini na miwili. Alisema ukuta ule ulikuwa na ufa, na wachimbaji walishausema. Hakulia. Makao Makuu alishika maikrofoni kwa mikono miwili. Alipodhani wamemaliza, mjane aliinua kidole.

"Kuna jambo moja nataka watu walisikie," alisema. Alitazama kamera yenyewe, hakumtazama muulizaji. "Mimi sikuambiwa na mtu kwamba mume wangu amekufa. Nilimwona kwenye TV. Niliwaita majirani mwenyewe waje tuangalie. Nilimjua kwa goti lake, kwa kiraka changu. Ninyi watu wa habari, msimfanyie mwingine hivyo. Muulizeni mtu kwanza. Hayo tu."

Mzee Jicho alizima kamera. Kwenye ngazi za kituo, akipanda kidato kimoja kimoja, alimwambia, "Yale ya mwisho usiyaguse. Hayo ndiyo habari yenyewe."

Dakika Mbili aliyatazama yote akiwa amesimama nyuma ya kiti chake, mikono mfukoni. Yalipofika ya mwisho alikuna kidevu. "Makao makuu watauliza nani alipiga picha zile," alisema. "Watauliza pia nani aliziruhusu, na hapo ni mimi. Lakini sikuambii utoe. Ripota ni wewe, na kazi ni yako. Mimi nataka dakika mbili." Akaenda kunywa chai, mlango akauacha wazi.

Makao Makuu akabaki na kompyuta. Maneno ya mwisho ya fundi yalichukua sekunde thelathini na moja. Alijaribu kutoa kwingine. Alitoa habari za miaka ishirini na miwili, akazirudisha. Alitoa ufa wa ukuta, akaurudisha, kwa kuwa ufa ulikuwa na faida kwa wachimbaji walio hai. Alijipa hoja hiyo na akaifurahia, maana ilikuwa hoja nzuri, na mtu anayetaka kufanya jambo baya hakosi hoja nzuri. Alisikiliza zile sekunde thelathini na moja mara nne. Hazikumtaja jina. Zingeweza kusomwa na mtu yeyote kama ushauri tu. Lakini yeye alijua, na bosi alijua, na makao makuu wangejua, na barua ingebaki nyeupe pale chini.

Aliyakata. Hakuna aliyemshika mkono. Kilichobaki kilikuwa dakika mbili kasoro sekunde tatu, na Dakika Mbili aliporudi na kikombe chake alimpiga begani akasema, "Safi."

Mzee Jicho aliitazama taarifa ile saa saba akiwa mlangoni pa studio. Ilipokwisha alichukua begi lake akashuka ngazi, na tangu siku hiyo alimpigia picha kila alipotumwa, akamjibu kila alipoulizwa, zaidi ya hapo hakumwongezea neno.

Barua ilisainiwa kesho yake asubuhi. Aliikunja mara mbili akaiweka kwenye mkoba. Nyumbani alimkuta fundi barazani peke yake, cherehani imefunikwa, televisheni imerudishwa ndani. Alimwamkia, akaitikiwa.

"Umepata?" fundi aliuliza.

"Nimepata, mama."

"Hongera." Alipangusa mkono wa kiti kwa kiganja, ingawa haukuwa na vumbi. "Jana niliangalia. Safari hii sikumwita mtu. Nilikaa nikangoja. Nikasema sasa litakuja lile langu, sasa litakuja. Wakaingia wa mpira."

"Mama, muda ulikuwa…"

"Usiniambie muda." Sauti yake haikupanda. "Ulipomwonyesha mume wangu vile, nilisema ni mtoto wa watu, ni mgeni, hakujua. Nikakusamehe pale pale, kabla hujafika. Mungu ni shahidi. Jana ulijua."

Makao Makuu aliusogeza mkoba wenye barua nyuma ya mgongo.

"Mtoto mlete," fundi alisema. "Mtoto hana kosa, na mtoto ni wa mama yake. Ila hapa kwangu hamtakaa. Mwezi ukiisha unitolee vitu vyako."

Aliingia chumbani akaketi kitandani na viatu vyake. Simu ililia. Alikuwa dada. Kule makao makuu mtu alishasikia habari za barua akamfikishia, na habari njema hazina breki.

"Kumbe kweli!" dada alipiga kelele. "Mdogo wangu, umeweza! Ngoja umsikie huyu hapa." Mtoto akanyakua simu. Hakuuliza kitu. Alipaza sauti moja ndefu, naenda kwa mama, naenda kwa mama, na mama yake akaikumbatia simu kwa viganja vyote viwili ili sauti isipenye mbao. Alikuwa amesubiri sauti ile miezi mitatu kasoro siku kumi, na sasa alikuwa anaiziba.

Dada akairudisha simu sikioni. "Na mtakaa pale pale kwa yule mama, si ndiyo? Yule mwema unayemsifia kila siku?"

"Ndiyo, dada."

"Yupo hapo karibu? Nipe nimshukuru. Mtu aliyekulea ugenini hivyo haachwi bila asante."

Upande wa pili wa ukuta fundi alikohoa, akasogeza kiti.

"Hayupo," alisema. "Ametoka."